Isale la Mkwe

Bibi Adelina aliingia dukani kwa Balwinder, dobi wa pale Edmonton, London, bila hata leso ya kufuliwa. Alichofuata ni mti.

Mti wenyewe ulisimama kwenye chungu dirishani, kati ya mashine ya pasi na suti za watu waliosahau kuzifuata. Majani marefu, mstari wa njano katikati. Adelina alikuwa akiupita kila siku akienda kituo cha basi, na kila siku aliusalimia kimoyomoyo, kama mtu anavyomsalimia mtu wa nyumbani aliyemwona ugenini amevaa nguo za watu.

"Balwinder mwanangu, naomba jani."

"Jani ya nini, Mama?" Balwinder alizaliwa Kisumu, akaletwa London akiwa bado na meno ya utoto, lakini Kiswahili chake alikuja nacho na hakukiacha.

"Lile la katikati. Lisilo na kidonda."

"Hiyo ni ya kupamba duka tu. Haina kazi ingine."

"Kwenu. Kwetu hiyo ni mahakama."

Akamweleza. Kwao Rombo, mti huo huitwa isale, na mtu aliyekosa haendi kuomba msamaha na mdomo mtupu. Hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, kwa mikono miwili, na aliyekosewa akishaletewa hilo jani hawezi kukataa. Watu wamesameheana mipaka ya mashamba kwa jani hilo. Wamesameheana ng'ombe. Wapo waliosameheana wake, japo hao walihitaji na pombe.

"Na wewe umemkosea nani?" Balwinder akauliza, mkasi tayari mkononi.

"Mimi? Mimi sijawahi kumkosea mtu. Napeleka kwa niaba."

Balwinder akamtazama kwa jicho la mtu aliyefua nguo za mtaa mzima. Akakata jani.

*

Kosa lilikuwa hili. Thadei, mwanawe Adelina, alimwoa Chizuru kwenye ofisi ya msajili, wote wawili wamevaa makoti ya mvua, na mpita njia ndiye aliyewapiga picha. Picha ikatumwa pande mbili za dunia. Rombo ilipofika, Adelina alipiga vigelegele, akachinja mbuzi, akamla kwa niaba ya maharusi. Kule kwao Chizuru, kwenye kisiwa kidogo cha Japani, baba yake, Mzee Kazuo, aliitazama picha, akaiweka simu mezani, na tangu siku hiyo hakuwahi kusema na binti yake. Hakutukana wala hakulaani. Hakusema tu.

Baadaye Adelina naye akaletwa London kukaa na mjukuu, Dinah, na hapo ndipo alipouona ukimya huo kwa macho. Kila Jumapili mama yake Chizuru, Mama Fumie, alipiga simu ya picha. Walicheka, walionyeshana mapengo ya Dinah, walionyeshana mboga. Mzee Kazuo alikuwa akipita nyuma. Adelina alimfahamu mkwe wake huyo kwa mgongo wa sweta la kijivu, na angeweza kumtambua kwenye gwaride, mradi gwaride lipite kinyumenyume.

Sasa Mama Fumie alikuwa ametoa neno: njooni, mtoto aione nyumba. Thadei akachukua zamu za ziada kule ghalani mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi, tiketi zikapatikana, likizo ya Oktoba ikafika.

"Tutalala wapi?" Adelina alimuuliza mkwewe jikoni.

Chizuru alikuwa anaosha vyombo. Kiswahili chake alijifunzia hapohapo kwenye sinki, kwa hiyo kilikuwa kizuri sana kwa mambo ya vitunguu na kigumu kidogo kwa mengine. "Gesti, Mama. Mji wa bandari. Asubuhi boti ya kwenda, jioni boti ya kurudi."

"Kwenu hakuna vyumba?"

"Vyumba vipo." Akasugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata. "Mama alisema njooni. Hakusema mlale."

Mahali alipozaliwa Adelina, mtu akifika kwao jioni na asiambiwe alale, hata majirani hushusha mapazia kwa aibu. Ndipo alipoamua habari ya jani.

Thadei aliliona akifunga sanduku. "Mama, Japani hawaruhusu majani. Wala nyama, wala mbegu, wala udongo."

"Hili si jani. Ni msamaha."

"Basi msamaha wenyewe una rangi ya kijani, na watauona."

Adelina akalitoa kwenye sanduku mbele yake, kwa utii mkubwa, akalitia ndani ya sweta, upande wa moyo.

Hakuna aliyemwambia kwamba uwanja wa ndege wa kule una mbwa. Kambwa kadogo, kenye koti la kazini na masikio ya upole, kalikuja, kakamnusa, kakaketi mbele yake kama mtoto anayesubiri hadithi. Binti mwenye glavu nyeupe akamwongoza pembeni. Jani likatoka kifuani limesinyaa kidogo kwa joto la bibi. Yule binti alilipokea kwa mikono miwili, akaliinamia, akaomba radhi kwa maneno mengi, akalifungia kwenye mfuko wa nailoni. Adelina mwenyewe alikiri kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona isale likipokelewa kwa heshima namna ile. Tatizo ni kwamba lilipokelewa na mtu asiye na ugomvi naye.

Thadei alitembea mbele, shingo imeingia mabegani. Dinah ndiye aliyemshika mkono. "Bibi, you smuggled a leaf."

"Nyamaza, mjukuu wangu. Hata hao waliofaulu kupitisha mengine walianzia kwenye majani."

*

Kisiwa chenyewe kilikuwa na jina refu kuliko barabara yake. Boti ilipofunga, walishuka watu watano: wao wanne na bwana mmoja aliyebeba godoro. Mama Fumie alikuwa amesimama gatini na toroli la mizigo, mdogo kama kwenye simu, ila huku alikuwa na miguu.

Akainama. Adelina akainama. Mama Fumie akainama tena, chini zaidi. Adelina, ambaye hakuja kushindwa kwa adabu na mtu yeyote, akashuka mpaka akaona vidole vyake vya miguu, na kiuno kikamwambia kitakaa hukohuko. Wakainuana wakicheka. Kicheko hicho ndicho lugha waliyotumia siku nzima.

Njiani hapakuwa na mtu anayekwenda popote. Bibi mmoja alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi, walipompita alikuwa amemaliza kimoja. Duka lilikuwa limefungwa, na Chizuru alisema lina kawaida ya kufungwa. Adelina alijikuta anaharakisha, kwa mazoea ya Edmonton ya kukimbilia basi, mpaka akamwacha mwenyeji na toroli nyuma na ikabidi asimame njia panda kama kondoo, asijue aendako kwa kasi ile.

Mzee Kazuo alikuwa barazani, baraza la mbao lililotazama bustani. Alikuwa fundi wa injini za boti kabla ya kustaafu, na mikono yake haikupewa taarifa kwamba amestaafu. Mbele yake alikuwa ametandika gazeti, na juu ya gazeti kulikuwa na feni, imefunguliwa vipandevipande. Oktoba, na upepo wa kuvaa sweta.

Chizuru akapiga magoti. Akasema neno. Thadei akapiga magoti nyuma yake, akaweka mbele kopo la biskuti walilonunua London, limefungwa karatasi ya dhahabu. Dinah akapiga magoti kwa kuwa wote wamepiga.

Mzee aliinamisha kichwa. Akasema neno moja.

"Amesemaje?" Adelina akanong'ona.

"Welcome," Dinah akanong'ona.

"Alikuwa anaikaribisha feni?"

Ni kweli kwamba alikuwa anaitazama feni. Akalipokea kopo, akaliweka kando bila kulifungua, akachukua bisibisi. Thadei aliliangalia lile kopo kwa muda mrefu. Adelina alimwona mwanawe, baba wa mtu, alivyoinama kama mtoto wa shule, na moyo ukamwuma kuliko magoti.

*

Siku ikaanza kukaa. Haikuenda, ilikaa. Mama Fumie alileta chai, wakanywa. Alileta machungwa madogo yenye ganda laini, wakamenya. Mzee alisafisha bawa moja la feni, akaliweka, akachukua la pili. Hakuwa na kisirani, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kikombe cha Thadei kilipokwisha alikijaza. Dinah alipopiga chafya alisogeza mlango wa karatasi. Adabu ilikuwa kila mahali, imepangwa vizuri kama ukuta wa tofali, na hapakuwa na pa kupenya.

Chizuru, ambaye Edmonton huongea na redio, na birika, na basi likichelewa, aliketi mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mara kipaza sauti juu ya mlingoti kikaanza kupiga wimbo, polepole, kisiwa kizima. Adelina akavua kilemba, akashika kifua. "Nani amefariki?"

"Nobody, Bibi. It's just lunchtime."

Akakivaa kilemba. Mzee alikuwa ametazama upande wake, kwa mara ya kwanza, kisha akairudia skrubu yake.

Mezani walikuwepo samaki, wali, boga, na maharage meusi yanayong'aa kama viatu vya padre. Adelina alikuwa amejifunza vile vijiti vyao Edmonton kwa kutumia penseli mbili za Dinah, akiokota vifungo vya nguo kwenye bakuli, na alikuwa amejisifu ndege nzima. Alimshika samaki, akafaulu. Alishika boga, akafaulu. Akatazama kulia na kushoto kama wapo wanaoshuhudia. Hapo ndipo alipoligusa harage. Harage lilipaa, likavuka meza, likatua kwenye kikombe cha chai cha Mzee Kazuo. Lililia kidogo tu, kwa adabu, kama kila kitu cha nyumba ile.

Thadei akafumba macho. Chizuru akaacha kutafuna.

Mzee alikitazama kikombe. Akatia vijiti, akalitoa harage, akalila. Akanywa chai. Uso wake haukubadilika hata ukope. Adelina alisema moyoni: huyu mtu ama ni mfu, ama ni mwenzangu.

*

Baada ya chakula nyumba nzima ililala. Ndiyo desturi yao, na mtu wa zamu za usiku kama Thadei hakuhitaji kubembelezwa. Adelina peke yake alibaki macho, kwa sababu miguu aliyoikunja tangu asubuhi ilikuwa imekufa ganzi na sasa ilikuwa inafufuka.

Alifuata ukuta mpaka ukumbini, akijinyoosha. Na pale mwisho wa ukumbi, mahali penye jua, akamwona mtu wa kwao.

Isale. Refu kuliko Dinah, kwenye chungu cha buluu, limeshikizwa fimbo ya mwanzi kwa uzi mwekundu. Mstari wa njano ulikuwa palepale katikati. Majani yamefutwa vumbi, moja moja, mpaka yakawa yanaonyesha sura ya mtu. Kando yake, dirishani, kulikuwa na mkasi mdogo, safi.

Adelina alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Walimnyang'anya moja uwanjani, Yeye akamtangulizia mti mzima. Alichagua jani la katikati, lisilo na kidonda, akakata.

Mti uliotunzwa namna ile, mtu mwenye akili angejiuliza unatunzwa kwa ajili ya nani. Lakini Adelina akili zake alikuwa amezikalia tangu asubuhi, nazo zilikufa ganzi pamoja na miguu.

Alifunga fundo. Akalificha jani ndani ya sweta, upande uleule wa moyo, maana hapa hapakuwa na mbwa.

*

Wimbo wa pili wa mlingotini ulipiga jua likiwa limelainika. Huo, Dinah alimweleza, ni wa kuwaambia watoto warudi nyumbani, ijapokuwa kisiwani hakuna watoto tena.

Na boti ilikuwa njiani. Chizuru aliamka bila kuambiwa, akaanza kumvika Dinah koti. Mama Fumie alimshika Dinah mkono wa koti, kama anayemsaidia kuvaa, lakini alikuwa anauvuta kwenda nje, si kuingiza. Akamtazama mumewe. Mzee alikuwa anarudisha skrubu za feni. Thadei aliketi kizingitini, akaanza kufunga kamba za kiatu cha kwanza, taratibu sana, kamba iliyokwisha kufungwa akaifungua akaifunga upya.

"Ngojeni," Adelina akasema.

Akaenda mbele ya mzee, akapiga magoti, jambo lililochukua muda na kutoa sauti. "Dinah, njoo hapa. Unitafsirie." Kisha akatoa jani kifuani, fundo lake katikati, akalinyoosha kwa mikono miwili, kichwa chini.

Aliposikia kimya, alidhani ni uzito wa heshima. Kimya kikaendelea. Akainua jicho moja.

Mzee Kazuo alikuwa ameweka bisibisi chini. Alilitazama jani, akatazama ukumbini, akatazama jani tena. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akasema maneno mawili matatu, polepole.

"He's asking who cut it," Dinah akasema.

"Mwambie ni mimi. Mwambie limetoka moyoni."

Dinah akasema. Mzee hakumtazama Dinah wala Adelina. Aligeuza shingo mpaka mlangoni. "Chizuru," akasema.

Koti likamwanguka Chizuru. Tangu ile picha, jina lake halikuwahi kutoka kwenye mdomo ule.

Mzee aliongea kwa muda. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayefungua kabati lililokaa miaka. Chizuru alisikiliza, kisha akapiga magoti alipokuwa amesimama, akawageukia. "Mama," akamwambia Adelina, "ule mti ni wangu. Mshahara wangu wa kwanza, nilinunua, nikaubeba kwenye boti, hapa kwenye mapaja. Nikienda London nilimwambia baba: mwagilia maji." Akapangusa pua kwa kiganja. "Anasema alimwagilia. Anasema hakuna mtu anakata ule mti. Hata mama."

Mama Fumie alitikisa kichwa kwa nguvu kuthibitisha kwamba hata yeye.

Adelina alibaki na jani mikononi. Aibu ilimpanda kutoka magotini. Katika Rombo yote, tangu dunia iumbwe, hapakuwahi kutokea mjinga wa kwenda kuomba msamaha kwa jani aliloiba kwa huyohuyo anayeombwa. Sasa angehitaji isale la pili la kuombea msamaha wa isale la kwanza, na hapakuwa na pa kulikata ila palepale.

"Mama, inuka," Thadei akasema kutoka mlangoni, kiatu kimoja mguuni. "Twende zetu. Boti inaingia."

"Siwezi kuinuka," Adelina akasema, na ilikuwa kweli tupu. "Dinah, mwambie mkwe wangu hivi. Kwetu mtu akitaka binti, hubisha hodi."

Dinah akatikisa kichwa. "Bibi, I don't know how to say that."

Adelina akamgeukia mke wa mwanawe. Chizuru alisogea kwa magoti mpaka katikati yao. Akavuta pumzi, akamtazama baba yake usoni, akasema. Sauti ilikatika, akaianza upya.

"Mwambie sisi hatukubisha. Tulikuwa mbali, na vijana wana haraka, na mwanangu alikuwa na woga. Mwambie woga ulikuwa wa kwetu, haukuwa dharau."

Chizuru akasema.

"Mwambie mimi nilikula mbuzi wa furaha, na yeye amekaa hapa na picha ya makoti ya mvua."

"Na mbuzi niseme, Mama?"

"Na mbuzi."

Akasema na mbuzi. Mzee akauliza kitu kifupi.

"Anauliza, mbuzi mzima?"

"Mguu mmoja nilimpa padre. Mwambie sasa nimekuja kubisha hodi, nimechelewa, na nimebisha kwa kumvunjia mlango. Lakini kwetu jani hili likishaletwa halikataliwi. Hiyo siyo sheria yangu. Mimi ningeruhusu akatae."

Chizuru alitafsiri mpaka mwisho, machozi yakidondoka kwenye gazeti la feni. Huko gatini boti ilipiga honi.

Mzee Kazuo alinyoosha mikono, yote miwili, akalipokea jani. Hakulitazama kama zawadi, alilitazama kama mgonjwa. Kisha, kwa vidole vilevile vya kufungulia skrubu, akaanza kulifungua fundo. Alifungua bila haraka, asilipasue, mpaka jani likanyooka. Katikati ilibaki alama ya mkunjo, nyeupe, kama kovu. Akaipapasa kwa kidole gumba. Haikutoka. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji, akalisimamisha jani ndani yake, akaiweka glasi mbele ya Dinah. Akasema neno kwa Chizuru.

Chizuru akaitazama glasi.

"Anasemaje?" Thadei akauliza.

"Anasema pengine litatoa mizizi. Anasema kesho asubuhi Dinah aangalie naye."

Kabla hajamaliza, kule ndani Mama Fumie alikuwa amekwisha kufungua kabati, na magodoro yalikuwa yanaanguka sakafuni moja baada ya jingine, kama yaliyokuwa yamesimama nyuma ya mlango siku nzima yakisikiliza.

"Na boti?" Thadei akasema.

"Vua kiatu," Adelina akamwambia.

Jambo moja Adelina alilijua, na mtoto yeyote wa Rombo analijua: isale hupandwa kwa kipande cha shina. Jani peke yake, hata ulitie kwenye maji ya Lurdi, halitoi mzizi. Alifungua mdomo aseme. Kisha akaufunga, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuufunga, alijing'ata ulimi kidogo.

"Sasa niinueni," akasema.

Thadei akamshika mkono wa kushoto. Wa kulia akaushika Mzee Kazuo. Walihesabu kila mmoja kwa lugha yake, wakavuta pamoja.

*

Sasa ni majira ya baridi, na Edmonton giza linaingia watoto hawajatoka shule. Jumapili simu inapolia, Dinah hukimbilia meza, na Adelina humsukuma kwa kiuno apate nafasi.

Mzee Kazuo hupiga mwenyewe. Hajajifunza kuishika simu, kwa hiyo wao humwona paji la uso na nusu ya jicho. Humsalimia binti yake. Humwuliza Thadei, kwa kupitia Dinah, kama injini ya gari lake bado inagonga, na Thadei humwigia mlio wake kwa mdomo, na mzee huufikiria kwa muda mrefu. Kisha huleta ile glasi mbele ya simu.

"He says no roots yet," Dinah husema. "Maybe next week."

"Mwambie asikate tamaa. Haya mambo ni ya taratibu."

Jumapili iliyopita Chizuru alikuwa anacheka jikoni kwa jambo aliloambiwa na mama yake, Thadei bado anaigiza injini, na glasi ikaletwa karibu kuliko kawaida. Adelina alivaa miwani. Jani lilikuwa kijani kibichi, linang'aa, limesimama wima kama askari. Lilikuwa limekaa majini tangu Oktoba, lilipaswa kuwa limegeuka tambi.

Akatazama katikati yake. Akaitafuta ile alama ya fundo, lile kovu jeupe. Akatafuta kuanzia juu mpaka kwenye maji, akasafisha miwani kwa khanga, akatafuta tena. Hapakuwa na alama yoyote. Jani lilikuwa laini toka mwanzo hadi mwisho.

Nusu ya jicho la Mzee Kazuo ilikuwa inamtazama kutoka juu ya glasi. Haikupepesa.

"Bibi? What should I tell him?"

Adelina akavua miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Mwambie aendelee vivyo hivyo. Ila na maji nayo, ayabadilishe mara kwa mara."